Mgonjwa wa Timazi

Shemeji yangu hawezi kuona kitu kimepinda akanyamaza. Ukimkaribisha sebuleni kwako, kabla hajavuta kiti atakuwa amekwisha kuisogeza picha ya ukutani, kwa kuwa pembe yake ya kushoto imeshuka. Ndoa yangu ilipovunjika nilikuja kuishi kwenye chumba cha uani kwao, mimi na cherehani yangu, na siku tatu mfululizo kazi yangu ilikuwa kulia. Siku ya nne akabisha hodi, akasimama mlangoni kwa heshima zote, nikajua amekuja kunipa pole. Akaniambia kitanda changu hakijaenda sambamba na ukuta, na kama nisingejali angekisogeza.

Nilijali sana, lakini alikisogeza.

Mtaani wanamwita Timazi. Ni jina la kile kipande cha chuma chenye ncha ambacho waashi hukining'iniza kwenye uzi ili wajue kama ukuta umesimama wima, na yeye amekuwa mwashi kwa miaka thelathini na minne. Amewahi kuubomoa ukuta wa fundi mwenzake mpaka usawa wa kiuno kwa kosa la unene wa kidole, mwenye nyumba akimsihi auache tu, hakuna atakayeona. "Mimi nimeona," alijibu, akaendelea kubomoa.

Dada yangu, mkewe, naye ana ukali wake, ila wa kwake ni wa sokoni. Kuku wa dada hukaguliwa kuliko mchumba. Humgeuza kichwa chini, humpuliza manyoya ya nyuma, humfunua mbawa, humtazama kucha, kisha humrudisha kwa muuzaji na kuomba mwingine. Wauzaji wakimwona anakuja hujifanya wana shughuli nyingine. Ndiyo maana sikuamini macho yangu Jumamosi moja aliporudi na kuku jike mwekundu, mwembamba, ambaye mdomo wake wa juu ulikwenda kulia na wa chini ukaenda kushoto, ikapishana kama watu wawili waliogombana na sasa wamekutana njiani.

"Dada," nikamwambia, "huyu umemnunua au umemwokota?"

"Nimedanganywa," akasema. "Muuzaji alikuwa amemfunika kichwa."

"Wewe? Umedanganywa sokoni?"

"Endelea na cherehani yako."

Nilicheka mpaka nikaharibu mshono wa sketi ya mwalimu mmoja. Kuku alikuwa achinjwe siku ileile, lakini alikuwa mifupa mitupu, hata supu angeitia aibu. Dada akasema tumnenepeshe kwanza. Akammwagia chini mahindi yaliyopondwa. Kuku akayakimbilia, akadonoa, akadonoa tena, na kila punje aliyoigusa ilirukia pembeni. Alidonoa muda mrefu bila kuchoka na bila kupata chochote. Nilianza kwa kucheka, nikaishia kuona vibaya.

Timazi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kibarazani, mikono ameifumbata kwapani. Wiki mbili zilikuwa zimepita hajaenda kazini. Alisema anapumzika, na dada akasema ni haki yake. Akamtazama kuku yule kwa jicho ambalo nalijua vizuri, maana ndilo lililokitazama kitanda changu.

"Huyu amepinda," akasema. "Atanyooka."

Nikampa kuku jina siku hiyohiyo: Mkasi.

Sasa, daktari yeyote wa mifugo angekwambia kwamba mdomo wa aina ile haunyooki. Lakini Timazi hakuwa na haja ya daktari, alikuwa na vifaa. Alimfunga Mkasi kwa taulo, akamweka juu ya meza, akaning'iniza timazi kutoka kwenye boriti ya kibaraza hadi usawa wa pua ya kuku, akatangaza kwamba mdomo wa juu umekosea kwa nusu sentimita na robo. Akachonga vijiti viwili vyembamba, akavifunga kama gango la mvunjika mkono, akauziba mdomo wote kwa uzi niliomkatia mimi kwenye kibiringo changu. Aliufunga vizuri mno. Kuku akashinda siku nzima bila tone la maji, na jioni alikuwa amelala ubavu.

"Shemeji," nikamwambia, "unajenga au unazika?"

Akamfungua. Alimnywesha maji kwa kijiko, na mengi yalimwagika kwenye taulo. Nilidhani ni kuku anayeyamwaga.

Kuanzia hapo akaacha kumnyoosha, akaanza kumtazama, na ninavyomjua mimi huko ni kubadilika kukubwa kuliko kubadili dini. Aligundua kwamba Mkasi hawezi kudonoa ila anaweza kuchota, kwa mdomo wa chini, kama fundi achotavyo udongo kwa mwiko. Kwa hiyo chakula kinahitaji kuwa na kina. Akajaribu sahani, ikashindikana. Akajaribu kifuniko cha sufuria, kikashindikana. Akajaribu kikombe, Mkasi akanasa kichwa. Mwishowe akapata bakuli la zamani la dada lenye kina cha vidole vinne, pumba na unga vikalowekwa maji mpaka vikawa uji mzito, na Mkasi akazamisha uso mzima humo akala kama mwenye kulipiza kisasi.

"Vidole vinne," Timazi akaniambia, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kupaua nyumba. "Vitatu havitoshi, vitano vinamzidi. Vinne."

Akawa pia anampaka majivu, kwa sababu kuku mwenye mdomo ule hawezi kujichambua manyoya na utitiri humla akiwa hai. Akampiga brashi kwa mswaki wa zamani. Na kwa kuwa mdomo usiosagana na mwenzake hurefuka bila kikomo, kila baada ya siku chache alimpakata, akachukua tupa ndogo ya kucha kutoka kwenye mkoba wa dada, akamsugua ncha. Mkasi alikuja kuupenda mchezo huo. Ukimsogezea mkono alifumba macho na kunyoosha shingo, amestarehe, kama mteja wa kinyozi.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, hatua kama tano kutoka kwao, nikiwatazama. Mkono wa kushoto wa shemeji ulimshika kuku. Wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja, umeshika tupa, na tupa ilikuwa inakwenda na kurudi kwenye mdomo, kwenda na kurudi, haraka na sawasawa. Bega halisogei. Kiwiko hakisogei. Ni mkono wenyewe tu, kuanzia kwenye kifundo, unatikisika. Akaipumzisha tupa mezani. Mkono ukaendelea.

Nikaacha kukanyaga cherehani. Ukimya ukamfanya ainue kichwa, akaniona ninapotazama.

"Tangu lini, shemeji?" nikauliza.

Akautia mkono kwapani. Nikakumbuka wiki zote zile za kufumbata mikono kibarazani, nami nilidhani ni baridi.

"Tangu mvua zilizopita," akasema. "Ulianza kidogo. Nikadhani ni uchovu. Halafu siku moja nimepandisha kona ya ghala, nimening'iniza timazi nipime, timazi inacheza. Hakuna upepo. Nikangoja itulie, haitulii. Sikujua ukuta ndio umepinda au ni mimi."

"Ukafanyaje?"

"Nikaubomoa. Vijana walipokwenda nyumbani nikaubomoa mpaka ukabaki mstari wa chini." Akamtazama Mkasi. "Asubuhi wakaukagua wakasema ulikuwa sawa tu. Waliona kwenye ule mstari wa chini niliouacha. Ulikuwa umenyooka, shemeji."

Nilitaka kumtania, maana ndiyo desturi yetu. Badala yake nikamuuliza kama dada anajua.

"Hajui. Na wewe pia hujui."

Nikaapa kwamba sijui. Ni kiapo kibaya kuapa mbele ya mtu aliyeona umeona, lakini niliapa.

Siku chache baadaye msimamizi wa ujenzi akaja, kijana ambaye Timazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mwiko. Walikuwa wanaanza jengo la ghorofa mbili na walimtaka fundi mkuu arudi.

"Siwezi sasa hivi," Timazi akasema. "Nina mgonjwa."

Kijana akavua kofia. "Pole sana, mwalimu. Ni mama? Au ni mtoto?"

Timazi akaonyesha kwa kidevu chini ya meza, ambako Mkasi alikuwa amezamisha uso katika bakuli. Msimamizi akamtazama kuku. Akamtazama mwalimu wake. Akarudisha kofia kichwani polepole, akaaga kwa adabu, na tulimsikia akianza kucheka kabla hajafika kwenye geti.

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Wateja wangu walikuja kupimwa nguo ambazo hawakuzihitaji, ili wachungulie uani. Mmoja alimwuliza shemeji kama mgonjwa amepata choo. Alijibu amepata, asante, tena kizuri. Hapo ndipo nilipomwelewa. Mtu yule, aliyewahi kumkaripia padri kwa sababu ya mlango wa kanisa, alikuwa amekaa akachagua mwenyewe: bora wamwone ameingiwa na wazimu wa kuku kuliko wamwone akitetemeka. Maadamu Mkasi anaumwa, hakuna jukwaa la kupanda, hakuna uzi wa kuning'iniza mbele za watu, na jina lake litabaki limesimama wima.

Tatizo lilikuwa moja, na alijitakia mwenyewe. Alimtunza mgonjwa vizuri kupita kiasi. Mkasi akanenepa. Manyoya yakang'aa, mapaja yakajaa, akaanza kutembea uani kwa madaha akiwafukuza kuku wa jirani. Kisha, aibu iliyoje, akataga.

Nilimfuma shemeji akisukumia yai mfukoni mwa koti.

"Dada yako asilione," akaninong'oneza. "Akijua anataga, atasema amepona."

Kwa hiyo tukawa tunayala kwa siri chumbani kwangu, mimi na mzee mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, mayai ya kuchemsha, mlango umefungwa. Nilimmenyea mimi, kwa sababu yeye maganda yalimshinda. Alikula ametazama ukuta, nami nikijitia kutafuta sindano.

Halafu binti yao akamaliza msingi wa nyumba yake. Ni mtoto wao wa pekee, na tangu akiwa mdogo alisema nyumba yake haitainuliwa na mtu mwingine isipokuwa baba. Akaja na ramani, akaitandaza mezani, akamwonyesha kona nne. "Hizi kona ni zako, baba. Hao wengine watajaza katikati." Timazi akaisifu ramani. Akaisogeza kidogo ili ikae sawa na ukingo wa meza, kwa kiwiko. Akasema ataanza mara tu mgonjwa atakapopata nafuu.

Binti alidhani ni utani, akacheka. Mama yake hakucheka. Alingoja mpaka binti ameondoka, akamsimamia mumewe mbele.

"Jumapili mwanao anakuja kula hapa. Mkasi anaingia chunguni. Jumatatu wewe unaingia kazini."

"Bado anaumwa," Timazi akasema.

"Mgonjwa gani mwenye mapaja yale?"

"Ni mdomo, mama. Mdomo haujapona."

"Mdomo tutautupa."

Siku nne zile zilikuwa ndefu. Nilimwomba shemeji aseme. Akasema atasema kesho. Nilimwambia nitamnunulia dada kuku mwingine, Mkasi nimhamishie kwa shoga yangu wa mtaa wa pili. Akakataa, kwa sababu kuku akihama hana tena mgonjwa. Nikamwambia basi niseme mimi. Akanitazama kwa namna iliyofanya nisirudie tena. Alizidi kumsugua Mkasi mdomo, kutwa mara mbili, mpaka nikahofia utaisha.

Jumapili asubuhi dada alitoka jikoni na sufuria ya maji ya moto na kisu. Katika nyumba ile kuchinja ni kazi ya Timazi, tangu walipooana. Huchinja kama ajengavyo, mara moja na hakuna marudio.

"Nipe mimi nichinje," nikasema haraka. Sijawahi kuchinja hata panzi.

"Wewe kaa," dada akasema. Akampa mumewe kisu.

Timazi akampakata Mkasi kwa mkono wa kushoto. Akakipokea kisu kwa wa kulia. Jua lilikuwa limeshapanda, likakipiga kisu, na doa la mwanga likaanza kucheza kwenye ukuta wa jikoni, juu chini, juu chini, haraka, mahali ambapo mtu yeyote angeliona. Hakuweza kulizuia. Aliukaza mkono, doa likacheza zaidi. Na Mkasi, alipouona mkono unasogea, akajua ni zamu yake ya kusuguliwa. Akafumba macho, akanyoosha shingo yote, akangoja.

Nilimchukia dada yangu dakika ile, nasema kweli.

"Siwezi," Timazi akasema. "Namhurumia."

Nilingoja dada acheke. Mume wake, Timazi mzima, anamlilia kuku. Mtaa ungekula hadithi ile mwaka mzima, na yeye alikuwa tayari kuwapa. Dada hakucheka. Hakumtazama kuku wala uso wa mumewe. Alilitazama doa la ukutani mpaka akatosheka. Kisha akaufunika mkono ule kwa mikono yake miwili, akakitoa kisu taratibu katikati ya vidole, doa likatoweka ukutani.

"Kweli," akasema. "Hata mimi namwona bado hajapona."

Akaingia ndani. Nikamfuata. Nilimkuta amemwaga maharage kwenye ungo na anayachambua kwa hasira, mabovu kwa mazima yanarukia sakafuni.

"Dada..."

"Nani anafua mashati katika nyumba hii?" akaniuliza. "Tangu mvua zilizopita kila shati lina mchuzi kifuani. Vifungo vinafungwa vitatu, viwili vinaachwa. Mnaniona mimi kipofu? Nimengoja aniambie. Mwezi, miezi, nimengoja. Nikasema labda nikimtia kisu mkononi atasema." Akaokota harage, akalitupa. "Badala yake amemhurumia kuku."

"Anaona haya."

"Haya ananionea mimi? Mimi niliyemzalia, nimemuuguza malaria, nimemkata kucha za miguu?" Hapo akautikisa ungo kwa nguvu. "Na mwambie yale maganda ya mayai ayazike mbali. Nimechoka kuyafagia mlangoni kwako."

Nilikaa chini tukachambua pamoja. Baadaye nikajipa moyo nikamuuliza: "Na kuku? Ulimnunua makusudi?"

"Kuku nilidanganywa."

"Dada, wewe hakuna muuzaji aliyewahi..."

"Nimesema nilidanganywa. Chambua."

Simwamini mpaka leo.

Binti alikuja saa saba. Tulikula maharage na wali, akauliza kulikoni, si aliahidiwa kuku. Dada alipakua. Sahani kwa binti, sahani kwangu, sahani kwake. Mbele ya mumewe aliweka bakuli. Halikuwa lile la Mkasi, lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya dukani chini, lakini nililipima kwa macho na sikuhitaji kupima mara mbili. Lilikuwa la vidole vinne.

Timazi akalitazama. Akayaona maharage na wali vimechanganywa vizuri humo, vizito, na kijiko kikubwa pembeni. Akainua macho amtafute mkewe, lakini dada alikuwa anashughulika na kumwekea binti maji. Nikaona kidevu cha shemeji kinasogea kama mtu anayetafuna, na hakuwa ametia kitu mdomoni bado.

Akashika kijiko.

"Baba," binti akasema, "kesho nikupitie saa ngapi? Saa moja?"

Kijiko kikagonga ukingo wa bakuli, mara nyingi, kwa sauti ndogo. Mimi nikakohoa ili kuifunika.

"Baba yako kesho hawezi," dada akasema. "Ana mgonjwa."

"Mama! Na wewe pia?" Binti akageuka akamtazama Mkasi, aliyekuwa amesimama kizingitini, mnene, anang'aa, mdomo umepishana. "Huyu? Huyu ndiye mgonjwa wenu? Atapona lini basi, nijue?"

Dada akachota mchuzi, akaongeza kwenye bakuli la mumewe.

"Haponi," akasema. "Tutakaa naye hivyohivyo. Nyumba yako itajengwa, baba yako atakuja kukaa kwenye kiti aseme palipopinda."

Binti alinuna, akala kwa kununa. Timazi aliinama karibu na bakuli, akachota, akala, akachota tena, polepole, mpaka chini kabisa, akakomba kwa kijiko hata kilichobaki pembeni. Kesho yake nilimwambia dada aniachie mimi kufua. Shati lake la Jumapili nililigeuza mbele na nyuma, nikalitazama kifuani juani. Halikuwa na doa hata moja.